Fundo la Kamba Lina Mwenyewe

Ndugu msomaji, Jumapili moja nilikuwa nyumbani nikitazama pamoja na wanangu filamu fupi iliyopigwa Hohenfels, nchini Ujerumani, tarehe 11 Aprili, 2016. Ndege za jeshi la Marekani zilikuwa zikiangusha shehena mazoezini. Magari matatu aina ya Humvee, moja baada ya jingine, yalichomoka katika mikanda. Miavuli ikabaki ikipepea mitupu, na magari yakajipigiza ardhini yakawa chuma chakavu. Mpiga filamu alisikika akicheka. Wanangu nao walicheka. Mimi sikuweza.

Shehena ya namna hiyo hufungwa juu ya jukwaa lenye matabaka ya karatasi ngumu za kupunguza kishindo, ikakazwa kwa mikanda na kutiwa miavuli, ambayo mmoja tu wa aina ya G-11 una upana wa mita 30 hivi. Kisha hukaguliwa, na mkaguzi hutia sahihi yake. Katika jeshi hilo, mkunja miavuli ya askari aweza kutakiwa aruke kwa mwavuli alioukunja mwenyewe. Lakini mzigo hauna roho ya kumtia mtu hofu. Uchunguzi ulionyesha kuwa mikanda ya Hohenfels ilikatwa kwa makusudi, na mwaka 2018 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani sajini mmoja.

Si kila ajali hupata mwenyewe. Tarehe 8 Machi, 2024, huko Gaza, shehena ya chakula ambayo mwavuli wake haukufunguka sawasawa iliwaua watu watano karibu na kambi ya Al-Shati. Miongoni mwa nchi zilizokuwa zikiangusha misaada, Marekani ilisema si yake. Jordan nayo ikasema si yake. Wafu wakazikwa, na mzigo ukabaki hauna mwenyewe.

Nami, ndugu msomaji, nina fundo langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikihama nyumba. Utingo wa gari nililokodi alitaka kuikaza upya kamba ya kabati. Nikamwambia twende, jua linakuchwa. Hatukufika mbali, kabati likachomoka na kumvunja mkono mwendesha baiskeli. Alipoulizwa aliyefunga mzigo, utingo aliinamisha kichwa, nami nikanyamaza. Akafukuzwa kazi. Mimi nilitoa fedha za matibabu, na majirani wakanisifu kwa huruma yangu.

Wanangu waliponiuliza mbona sicheki, niliwasimulia kisa hicho kwa mara ya kwanza. Mkubwa akauliza, "Yule utingo yuko wapi sasa, baba?" Sikuwa na jibu.

Basi, ndugu yangu, uwe kuli bandarini, fundi wa breki au karani wa kutia sahihi, kague fundo lako kabla mzigo haujaondoka. Na ukichomoka, sema mapema, "Ni mimi," kabla mnyonge hajasemewa.