Vidole Viko Wapi? Visanduku Viwili na Gitaa Moja

Katika nyumba yetu ya Katuba kuna gitaa moja la umeme na watu wawili wanaolipiga. Mimi ni wa pili. Wa kwanza ni Baba mukubwa, kaka wa baba yangu, aliyekuwa akipiga mi-solo katika baa za Kamalondo kabla sijazaliwa, na ambaye sasa hupiga kila Jumapili katika kwaya ya parokia. Mimi nasoma lugha, na Jumamosi alasiri napiga metali na wenzangu watatu. Kwa muda mrefu gitaa lilitutosha sote. Mwaka huu nusura liuzwe.

Tatizo lilianzia kwenye ampli. Ile ya Baba mukubwa, nzito kama mfuko wa saruji, iliungua usiku mmoja umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Fundi aliifungua, akanusa, akaifunga. Siku chache baadaye akatokea mtu wa kulinunua gitaa, na bei aliyotaja ingelipa ada yangu ya masomo yote mara moja. Njia ya pili ilikuwa kununua kisanduku cha kubadilisha sauti, ambacho bei yake ni ndogo kuliko ya ampli na kinaunganishwa moja kwa moja na mikseri. Hapo kwaya ingeendelea kualikwa harusini, hela zingeingia kidogokidogo, na ada ingelipwa kwa mafungu.

Baba mukubwa alikubali njia ya pili kwa sharti moja. Ninaandika kama alivyosema, kwa Kiswahili cha kwetu: "Ile kisanduku itumikie sisi wote mbili. Ikishindwa, gitare inaenda."

Visanduku vilivyokuwa ndani ya uwezo wetu vilikuwa viwili. Kimoja ni Boss GT-1, kilichotoka mwaka 2016. Binamu ya mpiga besi wetu alikuwa anauza chake. Cha pili ni Zoom G1 Four, cha mwaka 2019, bei yake ikiwa chini zaidi. Tulipewa wiki moja kuvijaribu vyote viwili.

Kwa msomaji asiyepiga gitaa: kisanduku cha namna hii ni kompyuta ndogo inayokanyagwa kwa mguu. Sauti ya gitaa inaingia upande mmoja, inapita katika mlolongo wa vifaa vya kuigiza (mkwaruzo, mwangwi, ampli, kasha la spika), kisha inatoka upande wa pili ikiwa imebadilika. Zamani kila kifaa kilikuwa kisanduku chake na bei yake. Siku hizi vyote vimo ndani ya kimoja, na kazi inayobaki ni kuchagua.

Kinachotafutwa na mpiga metali ni uzito. Uzito huo una historia inayoeleweka kwa urahisi katika mji kama wetu, uliokua kando ya kiwanda cha kuyeyusha shaba. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikuwa kijana wa kiwandani Birmingham, Uingereza. Mwaka 1965, siku yake ya mwisho kazini, mashine ya kukata mabati ilimkata ncha za vidole viwili. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, akafunga nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza hadi gitaa likashuka chini ya sauti ya kawaida. Ule mngurumo mzito ambao vijana wa dunia nzima wanauiga ulitokana na mfanyakazi aliyeumia na hakutaka kuacha kupiga.

Watu wa mtaani huniuliza kwa nini nahangaika na muziki wa Wazungu. Huwajibu kwamba wavuke Kasumbalesa. Katika miaka ya 1970, ng'ambo ya mpaka, katika ukanda uleule wa shaba na kwingineko Zambia, vijana wa WITCH, Amanaz na Ngozi Family walipiga magitaa yenye mkwaruzo mkali, na muziki wao ukaja kuitwa Zamrock. Mwaka 2020 wawili wa Nairobi, Duma, walitoa albamu ya kelele kali zaidi ya zangu kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sioni kwamba nimepotea njia.

Tulianza majaribio kwa daftari. Kitivoni tumefundishwa kwamba watu wawili hawawezi kulinganisha kitu kabla ya kukubaliana juu ya maneno, na hilo niliona lina ukweli siku ya kwanza. Mpiga ngoma alisema sauti ya kisanduku kimoja ni "kali", nikadhani anaisifu, kumbe inamchoma masikio. Basi tukaandika maneno sita na maana zake. Mkwaruzo: kiasi cha kuchanika kwa sauti. Mngurumo: nguvu ya sauti za chini. Ukali: sauti za juu zinazochoma. Mwili: sauti za kati, mahali pa sauti ya mtu anapozungumza. Mvumo: kelele inayosikika hata usipopiga. Mkia: muda ambao noti inaendelea kuishi baada ya kidole kuondoka. Kila mmoja alisikiliza peke yake akaandika, kisha tukasoma pamoja.

Mvumo ndio uliotuchosha kwanza. Chini ya nyuzi za gitaa kuna vinasa sauti, yaani sumaku zilizozungushiwa uzi mwembamba sana wa shaba, maelfu ya mizunguko. Mkoa huu uliwahi kuitwa Shaba, kuanzia 1971 hadi 1997, na mimi sikujua kwamba nimebeba shaba mkononi. Uzi huohuo unaonasa mtikisiko wa nyuzi unanasa pia uchafu wa umeme ulio karibu: taa, jenereta, nyaya za nyumba isiyo na waya wa ardhini. Ukiongeza mkwaruzo, unaongeza na uchafu huo. Visanduku vyote viwili vina kizuia kelele, ambacho hufunga sauti unapokuwa hupigi. Lakini ukikikaza sana kinakata na mkia, na katika metali ya taratibu mkia ndio muziki wenyewe.

Dawa tuliipata kwa bahati, umeme ulipokatika Jumanne jioni. Vyote viwili vinakubali betri ndogo nne za AA. Tulipoviweka kwenye betri na kusikiliza kwa vifaa vya masikioni, mvumo ulipungua hivi kwamba tulilegeza kizuia kelele karibu nusu, na mikia ikarudi. Hapo tofauti ya kwanza ya kweli ikaonekana. Kwa betri za alkali, Boss imeandikiwa saa 7 hivi, Zoom saa 18 hivi. Katika mji mwingine hilo lingekuwa jambo la pembeni. Kwetu ni kama jumuiya mbili za mazoezi dhidi ya tano au sita kwa betri zilezile, na betri nzuri si za bure.

Boss ilishinda kwa mguu. Ina pedali ya kukanyaga iliyojengwa ndani yake, inayoweza kuongeza sauti taratibu au kufanya gitaa lilie kama mtu anayefungua na kufumba mdomo. G1 Four haina. Ukiitaka lazima ununue ndugu yake, G1X Four, na bei inapanda. Mkwaruzo wa Boss pia uliandikwa na watatu kati yetu kuwa "umekaza" zaidi: ukipiga noti za haraka kwenye uzi wa chini, kila moja inasimama peke yake. Zoom ilihitaji kazi zaidi kufika hapo. Lakini ilifika, na athari tano ambazo inaweza kuziendesha kwa wakati mmoja zilitutosha, kwani hatukuwahi kuhitaji zaidi ya hizo.

Sauti zilizowekwa kiwandani hazikutusaidia, za huku wala za kule. Nadhani zimetengenezwa ili zimvutie mtu aliye peke yake dukani: mngurumo mwingi, ukali mwingi, mwili umeondolewa kabisa. Chumbani zinatisha. Ukiingia na ngoma na besi, gitaa linatoweka, kwa sababu besi imeshachukua chini na matoazi yameshachukua juu. Sisi hatukulijua hilo. Tuliona gitaa halisikiki, tukaongeza mkwaruzo. Halikusikika tena, tukaongeza tena.

Kosa letu la pili lilikuwa kasha la spika. Ampli ya kweli ina spika inayopunguza ukali wa mkwaruzo kabla haujafika masikioni. Ukiingia kwenye mikseri moja kwa moja bila kuwasha kasha la kuigiza, unapata nyuki ndani ya kopo. Siku mbili nzima tuliandika katika daftari kwamba Zoom ni mbaya kuliko Boss, kumbe kwenye Zoom tulikuwa tumelizima kasha bila kujua. Kurasa hizo nilizifuta kwa aibu. Anayelinganisha vyombo ahakikishe kwanza kwamba halinganishi makosa yake mwenyewe.

Alhamisi jioni Baba mukubwa alikuja mazoezini. Hakuwahi kuja. Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono magotini, akasikiliza nyimbo mbili nzima bila kukunja uso. Nilisubiri aseme kwamba hizi ni kelele za shetani, kama wasemavyo majirani. Alisema:

"Mwana, niko nasikia makelele, si mubaya. Lakini vidole yako iko wapi?"

Nilimwambia kwamba metali ndivyo ilivyo, Baba mukubwa, inatakiwa nzito. Akatikisa kichwa. Aliniambia kwamba katika orkestra yao kulikuwa na magitaa matatu, la kusindikiza, mi-solo na solo, na kwamba mi-solo anaishi katikati ya watu wawili: akijaza mahali pao, hasikiki, akikaa mahali pake, hata akipiga polepole watu wa nyuma ya baa wanamsikia. "Weye unapiga fasi ya besi," alisema. "Besi iko. Mwachie kazi yake."

Kisha akaomba nishushe mkwaruzo. Nikashusha kidogo. "Tena." Nikashusha hadi nusu. Akaomba nipandishe zile za katikati, ambazo sisi tulikuwa tumezizika. Nilitii kwa heshima tu, nikiwa na hakika kwamba uzito wote umekwisha. Chumbani, peke yake, kweli sauti ilikuwa nyembamba na ya kusikitisha. Ngoma ilipoingia na besi ikafuata, mpiga ngoma aliacha kupiga akaniuliza nimebadilisha gitaa. Kila noti ilikuwa pale. Uzito haukuondoka, ulikuwa ukitoka kwenye besi na gitaa pamoja, kama inavyopaswa.

Nilikumbuka baadaye rekodi ambazo Baba mukubwa huzicheza kwenye simu yake: Mwenda wa Bayeke, mtu wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huku kwetu mwaka 1952. Gitaa moja kavu, hakuna umeme, na unahesabu kila kidole. Nilidhani muziki ule na wangu haujuani. Sasa naona vinaulizwa swali moja.

Usiku ule tulivirudia visanduku vyote viwili kwa sauti hiyo mpya, mkwaruzo nusu na mwili juu, na daftari likasema jambo ambalo halikuwa limesema wiki nzima: tofauti kati yao ilikuwa ndogo. Tofauti kubwa tuliyokuwa tukiisikia ilikuwa ya namna vilivyopangwa kiwandani, na ya kasha lile lililozimwa. Baba mukubwa akavijaribu kwa sebene yake: sauti safi, mkandamizo kidogo, mwangwi mfupi. Vyote viwili vilimfaa. Basi uamuzi ukabaki kwa bei na betri, na tukanunua Zoom.

Sitasema kwamba sikupoteza kitu. Ile pedali ya Boss naitamani mpaka leo, kuna sehemu ya wimbo wetu wa tatu inayoililia. Mtu mwenye umeme wa uhakika na hela kidogo zaidi, aichukue, hatajuta. Lakini ushauri wangu kwa anayeanza katika mji huu ni huu: pima kisanduku pamoja na ngoma na besi, kwenye mikseri utakayoitumia kweli, kwa betri na kwa umeme. Washa kasha la spika. Shusha mkwaruzo kabla ya kulaumu chombo. Na mwite mtu mzima anayepiga muziki mwingine aje akae juu ya ndoo.

Gitaa halijauzwa. Kwaya imepiga harusi tatu tangu hapo, na fungu la kwanza la ada limelipwa. La pili bado, na mnunuzi ameuliza tena. Katika kisanduku Baba mukubwa ana namba yake ya sauti na mimi nina yangu, inayofuata. Tulikubaliana kwamba hakuna atakayegusa ya mwenzake. Jumamosi iliyopita niliwasha yangu nikakuta sauti za kati zimepandishwa tena, vipimo viwili juu ya nilipoziacha. Sikumuuliza, naye hakusema kitu. Tulipiga wimbo wa kwanza hivyohivyo, nikaziacha.