Pikipiki tano, familia moja: Twende Kikoneni

Msomaji, ukitaja Kwale mbele ya watoto wa Nairobi, na hata wa Mombasa kwenyewe, watakutajia Diani, mchanga mweupe na ngamia wa kupanda ufuoni. Diani ni pazuri, hapana ubishi. Lakini kuna Kwale nyingine nyuma ya mahoteli hayo, bara kidogo, ambako Wadigo, Waduruma na Wakamba wanalima. Ukitaka watoto waione, kioo cha gari hakitoshi. Wapandishe pikipiki ziendazo polepole, na kila mtoto akae nyuma ya mtu anayeijua njia. Leo nakuelekeza Kikoneni.

Usianze safari hii kwa pikipiki kutoka Likoni. Barabara ile ndiyo iendayo Lunga Lunga na kuingia Tanzania, na malori na mabasi ya masafa marefu hayana subira na mtu mwenye magurudumu mawili. Panda matatu na jamaa yako wote mpaka mpite Msambweni na kuvuka mto Ramisi. Kikoneni iko upande wa kulia, mbali na bahari. Hapo kwenye lami, vijana wa bodaboda hawakosekani.

Hapo stejini ndipo mambo huharibikia. Tuseme ninyi ni watano. Mtaambiwa pikipiki mbili zatosha: mama na watoto wawili nyuma, mdogo akalie tangi mbele ya dereva. Watanzania wana jina la upakiaji huo, mishikaki, nalo huchekesha mpaka siku ya ajali. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu, naye sharti avae helmeti na jaketi la kumetameta kama dereva. Basi kataa. Watu watano, pikipiki tano. Gharama itapanda, ndiyo, lakini hesabu hiyo ifanye nyumbani kabla hujatoka, si stejini watoto wakikutazama.

Helmeti njoo nazo mwenyewe, kwa kuwa aghalabu dereva ana moja tu, tena ya kichwa cha mtu mzima. Mtoto ambaye miguu yake haijafika kwenye vikanyagio abaki kwa nyanya yake. Siku yake itakuja. Mabinti wenye buibui na akina mama waliojifunga leso wakunje pindo na kulikalia, maana nguo ikinaswa na mnyororo humwangusha mtu kabla hajapiga kelele. Nao wote waonywe juu ya bomba la moshi: washukie upande usio na bomba, ama ndama ya mguu irudi mjini na alama.

Mpangilio nao una maana. Anayeendesha polepole kuliko wote atangulie, na mzoefu awe mkiani akiwa na pampu na spana. Acheni nafasi ya kutosha ili vumbi la mmoja lisiwe chakula cha mwenzake. Kwenye kila njia panda, asikate kona mtu kabla hajamwona wa nyuma yake. Na mvua kubwa za Aprili hadi Juni zikianza, ahirisheni. Udongo huo ukilowa huteleza kama sabuni.

Sasa tazameni. Miwa mtakayoiona upande wa Ramisi ina historia ndefu. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianguka mwaka 1988, na miwa ikarudi baada ya miaka mingi chini ya kampuni nyingine. Ni mashamba ya miwa na ya mkonge yaliyowaleta Wamakonde kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi. Walizaa, wakazika na kuzeeka huku bila kitambulisho, hata Oktoba 2016 wakaandamana kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao. Serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya. Wanafunzi wanaokariri somo la uraia wangefaidika kusimama hapa dakika kumi.

Mkiacha miwa nyuma, njia inaingia kwenye minazi, miembe, mikorosho na mihogo. Mtoto akiona kichaka chenye matunda mekundu yenye manyoya, mwambie ni biksa, ambayo mbegu zake hutoa rangi ya kutia katika vyakula. Kikoneni yenyewe ni kituo kidogo cha biashara. Shukeni, nyoosheni migongo, nyweni madafu, na mkibahatika kupata mbaazi za nazi, msiulize bei mara mbili.

Kilichonifanya nikutume huku lakini ni mlima ulio karibu, Mrima. Jina lenyewe ni neno la Wamijikenda la mlima, hivyo tukisema Mlima Mrima tunarudia jambo lile lile. Hauzidi sana mita 300, umefunikwa na msitu, na ndani yake kuna kaya, mahali patakatifu pa Wadigo. Usiingie kabla ya kuomba ruhusa kwa wazee na walinzi wa msitu.

Chini ya miti hiyo kuna niobi, inayotiwa katika chuma cha pua kiwe imara zaidi, na madini adimu yanayotumika katika simu na katika mota za hizo pikipiki za umeme zinazoenea mijini. Kampuni ya Cortec ilikadiria thamani yake kuwa dola bilioni 62. Mwaka 2013 serikali ikaifutia leseni. Kesi ikafika kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, na mwaka 2018 Kenya ikashinda. Mwaka 2025 kampuni za Australia zilitangaza kuutaka mlima huo. Wenyeji wengine wanasubiri ajira, wengine wanahofia kuhamishwa na kaya kufukuliwa. Wana mfano karibu: mgodi wa titani wa Kwale ulihamisha watu, ukauza nje tangu 2014, ukafunga Desemba 2024. Waache watoto wawaulize wazee wanaonaje. Majibu hayatalingana, na mimi naona ni vyema wayasikie hivyo hivyo.

Saa tisa alasiri muwe mmekwisha geuza. Giza huku huingia mapema, na taa za bodaboda nyingi ni za kuonyesha tu kwamba zipo. Mkifika kwenye lami, mlipe kila dereva mkononi mwake. Usimpe mmoja akawagawie wenzake.