Tripu za Maili Moja

Hakuna dereva wa teksi mtandao anayesifia tripu fupi. Umeendesha dakika saba kumfuata mtu, umemsubiri nyingine mbili akitafuta funguo zake, halafu anashuka baada ya mitaa sita. Dola 4. Ukitoa mafuta na uchakavu wa gari, kinachobaki ni hela ya chai, tena chai kavu. Naendesha Washington tangu 2016, nimezilaani tripu hizo pamoja na wenzangu, na bado nazilaani.

Ila kulaani ni kitu kimoja na kula ni kitu kingine. Siku za katikati ya wiki, ukiwa mjini, tripu fupi ndizo zilizokuwa zinajaza mchana. Georgetown, kwa mfano, haina kituo cha treni ya chini ya ardhi. Mtu anashuka Foggy Bottom, anaangalia viatu vyake, anaangalia simu. Kama maili moja hivi. Huyo alikuwa wetu. Union Station kwenda kwenye ofisi za bunge, wetu. Dupont Circle kwenda U Street, wetu. Na ukiwa na bahati moja inazaa nyingine: unamshusha huyu, mwenzake anapanda palepale, hujazunguka bure hata kidogo.

Halafu kuna jambo ambalo abiria wengi hawalijui. Zile bonasi ambazo Uber inaziita Quest hazihesabu maili, zinahesabu tripu. Ukifikisha idadi fulani ndani ya siku ulizopewa, unaongezewa pesa. Kwa hesabu hiyo, mtu wa mitaa sita na mtu wa kwenda uwanja wa ndege wa Dulles, mwendo wa maili zaidi ya 25, wana thamani sawa. Ndiyo maana ukimwona dereva anamlaani abiria wa karibu na bado anambeba, usidhani amechanganyikiwa.

Baiskeli za kukodi hazikututisha mwanzoni. Zile nyekundu za Capital Bikeshare ziko mjini tangu 2010, kabla hata ya wengi wetu kushika kazi hii. Unaichukua kituoni, unairudisha kituoni, unakanyaga mwenyewe, unaingia kwenye kikao na jasho mgongoni. Nani aache kiyoyozi changu kwa ajili hiyo? Mwaka 2017 zikaja zisizo na vituo, unaziacha unapofika. Mwaka 2018 zikaja skuta za umeme.

Skuta haitoi jasho. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Ghafla wanasheria wa K Street, watu wazima wenye suti, wanapita pembeni ya kioo changu wamesimama wima kama sanamu, tai imerukia begani. Mji uliwapangia mwendo usiozidi maili 10 kwa saa. Jamani, saa kumi na moja jioni pale 14th Street hata hizo 10 mimi ningezishukuru.

Mwaka huohuo Uber wakanunua Jump, kampuni ya baiskeli za umeme, na Lyft wakanunua biashara ya Motivate, waendeshaji wa zile nyekundu. Maana yake nini kwa dereva? Maana yake ni kwamba abiria anafungua programu ileile niliyokaa ndani yake nikimsubiri, na kando yangu, kwa bei ndogo kuliko yangu, amewekewa baiskeli. Dara Khosrowshahi, mkuu wa Uber, aliliambia gazeti la Financial Times Agosti 2018 kwamba saa za msongamano haina maana chuma cha tani nzima kimbebe mtu mmoja mitaa kumi. Alikiri kampuni ingepata kidogo kwenye baiskeli kuliko kwenye gari, ila abiria angezoea kuifungua programu mara nyingi zaidi. Na madereva? Sisi tungefaidika kwa foleni kupungua na tripu kuwa ndefu.

Kuhusu chuma cha tani nzima, sina ubishi naye. Nimekaa ndani ya chuma hicho nikiwa na mtu mmoja aliyebeba kikombe cha kahawa, tumesimama, na watembea kwa miguu wanatupita. Ninachouliza ni nani anapoteza wakati huo. Kampuni inamhesabu abiria: akipanda gari ni wake, akipanda baiskeli bado ni wake. Mimi sina abiria. Nina tripu tu, na ikihamia kwenye magurudumu mawili haina njia ya kunirudia.

Dar es Salaam tuliliona jambo linalofanana. Bajaji na bodaboda zilipoenea, madereva teksi wa vijiweni walilia wamenyang'anywa abiria wa karibu, na ni kweli walinyang'anywa. Lakini ile hela ilitoka mfuko wa mtu ikaingia mfuko wa mtu mwingine. Unamjua, anakaa kijiwe cha pili, mnaweza kutukanana asubuhi na kula mihogo pamoja mchana. Skuta haina mtu. Utagombana na nani?

Au tuseme ilikuwa na mtu usiku. Miaka ya mwanzo kampuni zililipa yeyote aliyeziokota na kuzichaji nyumbani, dola kadhaa kila moja. Jamaa yangu mmoja wa huku Maryland aliendesha mchana, usiku analaza viti vya nyuma na kuzisomba kwa gari lilelile. Sebule yake ilijaa nyaya, mke wake anaziruka akienda jikoni. Alfajiri anazipanga mjini upya. "Kaka," aliniambia, "mchana zinanila, usiku nazila." Haikudumu. Zilikuja skuta zenye betri za kubadilisha palepale barabarani, kampuni zikaleta wafanyakazi na magari yao, na mchongo ukafa.

Mei 2020 Uber waliikabidhi Jump kwa kampuni ya Lime, na baiskeli kwa maelfu zikapelekwa kusagwa. Kuna wenzetu walitumiana video zile kwa furaha. Mimi niliziangalia nikiwa nimekaa nyumbani, maana corona ilikuwa imefunga mji na hapakuwa na abiria wa gari wala wa baiskeli. Mji ulipofunguka, skuta zilikuwepo, na za Lime unazikodi humohumo kwenye programu ya Uber.

Siku hizi kabla ya kuwasha programu naangalia kwanza hali ya hewa. Mvua ikiwa inanyesha saa mbili asubuhi, nakimbilia Foggy Bottom. Wanasheria wanarudi wote, wanakung'uta miamvuli kwenye viti vyangu, wanalalamika bei imepanda. Jua likiwaka nabaki Laurel na Bowie, ambako kila kitu kiko mbali na kingine, nabeba wauguzi na watu wa kusafisha figo, nangoja Novemba.