Nilivyopeleka mikate Pasaka ya Mbale

Msomaji wangu, umewahi kufika ugenini na zawadi mkononi, mwenyeji akaiangalia kama vile umemletea nyoka? Yalinikuta mimi Mbale, mashariki ya Uganda, Jumatano ya tarehe 5 Aprili 2023. Nilikuwa nimetoka Dar kwa basi, nikalala Nairobi, nikapanda jingine la Malaba, na kwa vile nimelelewa kwamba mtu haendi kwa watu mikono mitupu, nikanunua mjini mikate mitatu ya nguvu, ile mirefu ya kukata. Bodaboda ikanipandisha kilima cha Nabugoye, tope hadi magotini. Mama mwenye nyumba akanipokea kwa furaha zote, akachungulia mfuko, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Hii haiwezi kuingia ndani, mwanangu," akasema taratibu. "Leo ni Pasaka."

Nikabaki mdomo wazi. Pasaka ninayoijua mimi ni ya Jumapili, na siku hiyo mkate, keki na maandazi ndiyo yenyewe. Rafiki yangu aliyenialika, dada mmoja tuliyefahamiana akiwa Dar kikazi, alikuwa amejiinamia kwa kucheka. Alikuwa ameniambia anatoka kwa Wayahudi, nami nikadhani ni jina la ukoo!

Basi bwana, ni Wayahudi kwelikweli. Wanajiita Abayudaya, neno la Kiganda lenye maana hiyohiyo. Mwanzo wao ni jemadari mmoja wa Buganda, Semei Kakungulu, aliyewasaidia Waingereza kuitwaa nchi hii ya mashariki akitegemea ufalme, wakampa mgongo. Akawa anasoma Agano la Kale mno, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe na kutangaza kwamba sasa yeye ni Myahudi. Mwaka uliofuata akapita mgeni, Myahudi aliyeitwa Yosefu, akakaa nao miezi kama sita akiwafundisha kalenda, sikukuu na vyakula. Kakungulu alifariki mwaka 1928, lakini watu wake hawakuacha. Siku hizi ni zaidi ya elfu mbili, wana rabi wao, Gershom Sizomu, aliyesomea kazi hiyo Marekani na kuhitimu mwaka 2008. Pale juu Nabugoye lipo sinagogi kubwa lililofunguliwa mwaka 2016.

Turudi kwenye mikate yangu. Sheria ni kwamba siku nane za Pasaka kitu chochote kilichoumuka hakitakiwi nyumbani, maana wazee wa Israeli walitoka Misri mbio, unga haukupata nafasi ya kuumuka. Nyumba ilikuwa imefagiliwa hadi nyuma ya mitungi. Akaitwa mtoto, akakabidhiwa mfuko, akaambiwa: peleka kwa Jajja wa ng'ambo ya migomba. Huyo Jajja wa ng'ambo ni kaka mkubwa wa mzee mwenye nyumba, na ni Mkristo, tena mzee wa kanisa. Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza vizuri.

Jioni tukasubiri jua lizame. Jirani wa chini ni Mwislamu, naye alikuwa anasubiri jua hilohilo, kwa kuwa mwaka huo Ramadhani ilikuwa katikati. Adhana ikasikika, mwezi ukachomoza nyuma ya milima ukiwa karibu kujaa, mkubwa kama sinia. Simu zikazimwa, na mimi na kamera yangu nikaambiwa nipumzike, sikukuu imeshaingia.

Usiku ule unaitwa seda. Mezani palikuwa na matza, ambao ni mkate usiotiwa chachu: unga na maji, na tangu maji yaguse unga mpaka uive zisizidi dakika 18. Ladha yake? Fikiria chapati iliyonyimwa mafuta na chumvi. Kulikuwa na majani machungu ya kukumbusha utumwa, maji ya chumvi badala ya machozi, yai, na rojo tamu la kufananisha udongo wa kufyatulia matofali. Ulaya wanalitengeneza kwa matofaa na lozi. Mama huyu alilipika kwa karanga, ndizi na asali, na nakiri nililamba kidole. Vikombe vya divai ni vinne kwa kila mtu. Mtoto mdogo kuliko wote akauliza kwa Kiebrania kwa nini usiku huu ni tofauti na mingine, sauti inatetemeka, bibi yake anamsukumia maneno kwa midomo. Mzee akajibu kwa Kiganda kwa saa nzima na zaidi, rafiki yangu akininong'oneza Kiswahili. Wakaimba Zaburi kwa Kiganda, sauti tatu tatu, si mchezo. Zaburi zenyewe ni za 113 hadi 118, ambazo Wakristo wanazo kwenye Biblia yao bila kujua kwamba zina usiku wake. Na ile Karamu ya Mwisho tunayoichora ukutani, Mathayo, Marko na Luka wanasema ilikuwa ya Pasaka hii hii.

Lugha yetu imetuficha mambo. Kiingereza kina neno moja kwa sikukuu ya Wayahudi na jingine kwa ya Wakristo, sisi zote tunasema Pasaka. Unaweza kudhani ni ndugu waliopendana siku zote. Thubutu! Huko Ulaya, kwa karne nyingi, wiki ya Pasaka ilikuwa ya Wayahudi kufunga milango. Mwaka 1903 mjini Kishinev, iliyokuwa chini ya Urusi, ghasia zilianza Jumapili ya Pasaka na Wayahudi kama 49 wakauawa. Mwaka huohuo Waingereza wakawaahidi Wayahudi ardhi Afrika Mashariki wakakae, mpango ulioitwa wa Uganda ingawa ardhi yenyewe ni Uasin Gishu ya Kenya, na mkutano wao ukaikataa mwaka 1905. Nilipita palepale na basi, Eldoret, nimelala fofofo.

Ilipofika sehemu ya ukombozi, mzee akafunga kitabu. Akanitazama. "Wewe ni Mtanzania?" Nikaitikia ndiyo, mzee.

Akasimulia. Idi Amin alipoingia madarakani mwaka 1971 alipiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa, wengi wakahamia ukristo au uislamu, wakabaki mia kadhaa wakisali usiku kwa minong'ono. Kaka yake alikuwa na watoto wa kusomesha, akaenda kubatizwa. Mzee hakumsamehe. Alimwita Esau, mtu aliyeuza urithi kwa bakuli la dengu, na alimwita hivyo mbele za watu. Miaka wakawa hawasalimiani, wanapishana kisimani kama miti.

Halafu Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, mikononi mwa wanajeshi wetu wa JWTZ na Waganda waliokuwa nao. Jioni ya siku hiyo ndiyo ilikuwa seda. Sikuamini, nikaja kuhesabu baadaye kwenye kalenda: kweli. Na Pasaka ya Wakristo ilikuwa Jumapili ile, tarehe 15. Mbale wakombozi walifika baadaye kidogo. Babu yangu mzaa mama alikuwa vita ile ya Kagera, hakupenda kuizungumza, alichobakiwa nacho ni goti bovu na radhi yake. Nikamwambia mzee hivyo. Akanyanyuka kwenye kiti, akaja kunishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akaushikilia. Hakuongea kitu. Nikaangalia chini, maana machozi yalikuwa yanakuja na nilikuwa mbele ya wasichana.

Lakini kisa hakijaisha. Vita ilipokwisha, kaka mtu alivuka migomba akiwa na gunia la mahindi begani. Ndani ya mahindi kulikuwa na vitabu vya sala vya Kiebrania, vitatu. Vilitoka kwa baba yao, na mzee siku zote aliamini vilichomwa moto. Kaka alivikaa navyo miaka minane chini ya kitanda cha nyumba ya Mkristo, na nyumba ya Mkristo nani angeipekua kutafuta vitabu vya Wayahudi? Kimoja ndicho alichokuwa anasomea usiku ule. Kilikuwa kimeliwa na mchwa pembeni.

Ijumaa Kuu ng'ambo walikuwa kanisani mchana kutwa, na jua lilipozama huku tukaingia Sabato. Jumapili ndiyo ilikuwa kazi. Mzee hualikwa kwa kaka yake kila Pasaka ya Wakristo inapoangukia ndani ya siku zake nane, na siku hiyo nyumba ile ya Kikristo haipiki chapati! Wajukuu wanalalamika kimyakimya, ila hakuna kupika. Mzee anakuja na sufuria yake, kuku wake aliyechinjwa na mtu anayejua sheria zao, na matza ndani ya kitambaa. Matoke yanatosha wote. Mkubwa akaomba kwa jina la Yesu, mdogo akanyamaza. Mdogo akabariki matza kwa Kiebrania, mkubwa akaitikia amina kabla ya wengine, na matamshi yake, rafiki yangu akaniambia sikioni, ni mazuri kuliko ya mdogo wake.

Nikamuuliza huyo mkubwa kama angependa kurudi. Mama mmoja akanikanyaga mguu chini ya meza. Mzee akatafuna, akasema kanisani ndiko alikomzika mkewe, kisha akaomba chumvi.

Na mikate yangu? Mjukuu mmoja alinivuta uani akanionyesha. Walikuwa wameila miwili na chai asubuhi, mmoja umefichwa jikoni chini ya beseni.

Niliondoka Jumatatu. Alhamisi usiku, nyota zilipotoka na siku nane kuisha, simu yangu ikaita Dar. Alikuwa mzee mwenyewe. Salamu ndefu, habari za safari, habari za wazazi, goti la babu linaendeleaje. Kisha akashusha sauti akauliza: ule mkate wa tatu, nilijua uliwekwa wapi?