Urefu wa Namba Si Usiri Wake

Tunaandika makala hii tukiwa wazazi, si mafundi wa kompyuta, na tunaiandika kwa kuwa kosa tunalolieleza lilitoka nyumbani kwetu.

Miaka mitatu iliyopita kamati ya wazazi wa madrasa ya mtaani kwetu ilitaka tovuti ambamo kila mzazi angeona mahudhurio ya wanawe na hesabu ya ada. Kijana wetu, aliyekuwa amemaliza masomo ya kompyuta, alijitolea kuitengeneza bila ya malipo. Tulimshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuturuzuku mtoto wa kuifaa jamii, wala hatukumuuliza swali hata moja.

Katika kurasa za baadhi ya wazazi palikuwa na mstari usemao kwamba ada imelipwa kwa fungu la sadaka. Mstari huo ulikuwa wa kuonwa na mzazi mwenyewe na mweka hazina tu. Siku moja, baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja mjane alitujia, akatuambia kwa sauti ya chini kuwa wanawe hawatarudi tena madrasa. Wenzao walikuwa wakiwaita watoto wa sadaka.

Tulipofuatilia tuligundua kuwa mwanafunzi wa miaka 15 alikuwa ameufungua ukurasa wa mama yule. Hakuiba neno lake la siri. Alibonyeza mahali pa aliyesahau neno la siri, akaandika anwani ya barua pepe ya mama, kisha akakibuni mwenyewe kiungo ambacho tovuti ilimtumia mama huyo.

Kijana wetu aliinamisha kichwa. “Baba, Mama, kiungo kile kilikuwa na tarakimu na herufi 32. Nilikiona kirefu, nikadhani ni cha siri.”

Alikuwa ameichukua saa ya kompyuta, yaani idadi ya sekunde tangu Januari 1, 1970, akaipitisha katika kanuni ya kuvuruga namba ijulikanayo na kila mwanafunzi wa fani hiyo. Kanuni hiyo ukiipa namba ile ile hutoa jibu lile lile. Siku nzima ina sekunde 86,400, na kwa kompyuta hizo ni chache mno. Mwanafunzi yule hata hakuzihitaji zote: yeye ndiye aliyekiomba kiungo, hivyo alijua kilitengenezwa saa ngapi.

Mmoja wetu, ambaye ni mwana upatu wa miaka mingi, alilielewa jambo hilo upesi. Katika upatu karatasi hukunjwa mbele ya wote, hutiwa koponi, na kila mmoja anajua namna kura inavyopigwa. Hata hivyo hakuna ajuaye atatoa karatasi gani. Kura ambayo mjuzi wa utaratibu wake huweza kuyatabiri matokeo yake si kura.

Wakubwa zaidi wamewahi kujikwaa hapa. Mwaka 1995 Ian Goldberg na David Wagner, wakiwa wanafunzi huko Berkeley, Marekani, walionesha kuwa kivinjari cha Netscape kilitoa namba zake za siri kwenye saa na namba chache zinazokisika. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2008, mfumo wa Debian ulitengeneza funguo dhaifu kwa sababu ya mistari michache iliyoondolewa katika programu yake. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, funguo zilizowezekana zilikuwa kama 32,000 tu.

Dawa haikuwa ngumu. Mfumo wa kompyuta wenyewe hukusanya mambo yasiyotabirika, kama tofauti ndogo mno za nyakati katika utendaji wa vifaa vyake, na humpa namba za nasibu kila aziombaye. Lugha ya PHP ina amri ya random_bytes tangu toleo la 7 la mwaka 2015. Python ina moduli ya secrets tangu mwaka 2016. Kijana wetu aliyabadilisha mahali pale kwa mstari mmoja. Aliongeza kuwa kiungo kitumike mara moja tu na kife baada ya saa moja. Mstari wa sadaka tuliuondoa kabisa. Sasa umo katika daftari la mweka hazina, ndani ya kabati lenye kufuli.

Wazazi wenzetu, ikiwa mwanao anatengeneza tovuti ya shule, ya msikiti au ya duka, usiishie kumsifu. Muulize namba zake za siri zinatoka wapi. Siri za watu ni amana, na kutojua kwetu hakukumsitiri mjane yule.

Tulikwenda kwake, wazazi na mtoto, kumtaka radhi. Alitupokea vizuri, akatusamehe, kisha akauliza, “Na hao waliokwisha kujua, mtawasahaulisha vipi?” Wanawe walirudi madrasa baada ya Idi. Swali lake hatujalijibu mpaka leo.