Kuuza kwa Njia ya Intaneti

Wazee wetu walinena ya kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tunaofundisha vijana elimu ya kuuza na kununua hapa Viwanja Sitini, Ifakara, twaulizwa mara nyingi: Kama kizuri chajiuza, yafaa nini kuhangaika na intaneti?

Jibu letu ni mchele wa bonde la Kilombero. Sifa zake zajulikana mbali, walakini haukujiuza kwa bei ya haki. Wakati wa mavuno mpunga hujaa kila nyumba, na bei hushuka. Mkulima mwenye deni humwuzia mchuuzi wa kwanza apitaye, tena kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kinywa chake, hali analipwa gunia moja tu. Bei ya Dar es Salaam haijui, wala mnunuzi wa Dar es Salaam hajui ya kuwa mkulima huyo yupo.

Daraja la Mto Kilombero lilipofunguliwa, malori ya Ulanga na Malinyi yaliacha kungoja kivuko. Intaneti nayo yavusha habari vivyo hivyo.

Basi twawafundisha vijana hivi. Kwanza, waulize bei za masoko mawili au matatu kabla ya kutaja yao. Pili, wapige picha ya mchele ule ule wanaouza, mchana, katika sahani nyeupe, wala wasiazime picha ya mwingine. Tatu, waandike kama ni supa au saro, mwezi uliovunwa, chenga ni nyingi au chache, uzito kwa kilo, na nani atalipa nauli ya lori. Nne, fedha zikitumwa kwa simu, watazame salio lao wenyewe kabla ya kutoa mzigo, maana wako watu watungao ujumbe wa uongo. Namba ya siri wasimpe mtu yeyote.

Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, nikiandika ya kuwa mchele wangu una chenga, nani atanunua?" Tukamwambia aandike, na bei aipunguze. Mama lishe mmoja wa Morogoro alinunua kilo 50, na mwezi uliofuata akaagiza tena, kwa sababu alipofungua gunia alikuta kile kile alichosoma.

Mnunuzi wa sokoni hutia mkono guniani, akatafuna punje. Mnunuzi wa intaneti hana ila neno letu. Mwaka 2015 nchi yetu ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao, nayo yawaadhibu wadanganyifu. Lakini sisi Wakristo tulikwisha kuonywa zamani, katika Kitabu cha Mithali, juu ya mizani ya hila.

Kwa hiyo, wazazi, msiwakataze vijana simu bila kuwafundisha matumizi yake. Ketini nao, mwulize wanauza nini na wameandika nini. Tena mnapopima mchele nyumbani, pimeni kwa haki mbele ya macho yao, maana watakayoyaandika huko mbali wamekwisha kuyajifunza kwetu.