Njia za mkato si za wenye mikono miwili pekee

Kila vidio ya "jinsi ya kuhariri haraka" inaanza vile vile: mkono wa kulia kwenye kipanya, wa kushoto kwenye kibodi. Ctrl na B, kata. Ctrl na Z, tendua. Hakuna anayeuliza kama huo mkono wa kushoto upo, ama kama unafanya kazi.

Leo nataka tuongee kuhusu ishara za kipanya. Najua, mada kavu. Lakini nivumilieni, kwa sababu hiki kitu ndicho kililipa nyumba yangu miezi miwili mfululizo, na kuna mtu anasoma hapa anakihitaji kuniliko.

Ishara ya kipanya ni hivi: unashikilia kitufe cha kulia, unachora mstari kwenye skrini, unaachilia. Kompyuta inasoma umbo la ule mstari na kufanya kile ulichoipangia. Kivinjari cha Opera kimekuwa na mambo haya tangu 2001. Shikilia kitufe cha kulia, vuta kushoto, umerudi ukurasa uliopita. Vivaldi nayo inakuruhusu kuchora ishara zako mwenyewe kwenye mipangilio. Wengi huishia hapo kwenye kivinjari, kumbe mambo yenyewe yako mbele. Kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa StrokesPlus.net. Inakaa nyuma ya kila kitu, na ukichora umbo, inatuma vitufe ulivyoiambia itume kwa programu iliyo mbele yako. Mac kuna BetterTouchTool, ya kulipia. Linux kuna Easystroke, lakini hiyo inataka X11. Ukiwa kwenye Wayland, pole.

Sasa kwa nini nilizama huko. Mwezi wa tatu pikipiki niliyokuwa nimepanda iliteleza kwenye mvua, na mfupa wa kifundo cha mkono wangu wa kushoto ukavunjika. Plasta, wiki 6. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, siko kwa payroli ya mtu. Nina wateja watatu: mpiga picha wa harusi, kanisa moja, na dada fulani anayeuza viatu. Klipu zisipotoka, M-Pesa haiingii. Na tarehe 5 ikifika, mwenye nyumba haangalii plasta.

Hebu jaribu kuhariri kwa mkono mmoja. Unaweka kipanya pale unataka kukata. Unakiacha, unaenda kwenye kibodi, unanyoosha vidole kutoka Ctrl hadi B kama mtu anayecheza gitaa, halafu unarudi kwenye kipanya kutafuta mahali ulipokuwa. Mahubiri ya saa moja yana makato mengi sana, maana mhubiri hukohoa, hunywa maji, na kipaza sauti hulia. Kila kato ni safari ya kwenda na kurudi.

Kitu cha kwanza kilichonisaidia ni kile kisanduku ambacho watu huchukia wakicheza gemu, kile hujitokeza ukibonyeza Shift mara 5. Kinaitwa Sticky Keys, na hakikuwekwa kukusumbua. Ukikiwasha, unabonyeza Ctrl, unaachilia, kisha unabonyeza B, na Windows inazichukua kama zimebonyezwa pamoja. Kwa kuandika, ni sawa kabisa. Kwa kuhariri, mkono bado unasafiri. Ndipo nikaenda kwa ishara.

Natumia DaVinci Resolve, ile ya bure. Nilikaa chini nikahesabu vitu ninavyofanya tena na tena, nikapata vitano tu: kukata, kufuta kipande na kuziba pengo, kutendua, kucheza, kuhifadhi. Si hamsini. Vitano. Kisha nikavipa maumbo:

Kukata ni mstari mmoja wa kushuka chini, kama kisu. Unatuma Ctrl na B. Kutendua ni kuvuta kushoto, yaani rudi. Kucheza na kusimamisha ni kwenda juu, inatuma ile nafasi kubwa ya kibodi. Kuhifadhi ni kushuka kisha kulia, kama herufi L. Kufuta nilikupa umbo gumu makusudi: juu, chini, juu tena. Kinachoharibu kazi hakifai kuwa rahisi kuchorwa kwa bahati mbaya. Mkono ukiteleza kidogo, afadhali ukate mahali si pake kuliko ufute bibi harusi.

Kingine, maumbo yasifanane. Ukiwa na duara na herufi C, programu itachanganya, na wewe pia utachanganya. Na ishara moja iwe na maana moja kila mahali, hata kama vitufe ni tofauti. Kwangu kushoto ni "rudi": kwenye kivinjari inarudi ukurasa, kwenye Resolve inatendua. StrokesPlus.net inajua uko kwa programu gani, kwa hivyo hilo linawezekana. Pia zima ishara pale kitufe cha kulia kina kazi yake. Kwenye Windows ukiburuta faili kwa kitufe cha kulia unaulizwa kama unataka kunakili ama kuhamisha. Hiyo ni muhimu, usiiue. Gemu nazo, weka kwenye orodha ya zile za kuachwa.

Siku tatu za kwanza zilikuwa polepole, sitadanganya. Wiki ya pili mkono ulikuwa unachora wenyewe. Kanisa likapata klipu zake kila Jumanne kama kawaida, na hawakujua nina plasta hadi niliposimama mbele yao.

Lakini kilichonifanya niandike hii si mkono wangu, maana wangu umepona. Ni jamaa mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima, ambaye mkono wake wa kushoto ulichukuliwa na mashine ya kukata majani ya ng'ombe akiwa kijana. Anafanya kazi kwa saiba, anajazia watu fomu za eCitizen na ritani za KRA. Miaka yote amekuwa akinakili na kubandika kwa mkono mmoja, kitufe kwa kitufe, huku foleni inanung'unika nyuma. Nilimwekea StrokesPlus.net nikamwonyesha maumbo yangu. Akajaribu mara mbili tatu, akacheka.

"Kijana wangu, hizi ni za mtu mwenye haraka. Mimi nataka ambazo hata nikichoka jioni haziniangushi."

Nikamwambia, "Sawa mzee wangu, chora zako." Akachora mistari mirefu, mikubwa, nusu ya skrini. Kunakili ni juu, kubandika ni chini. Kwenda kwa kisanduku kinachofuata ni kulia. Tatu tu, akasema zinatosha. Na zilitosha. Hapo ndipo nilielewa hii kitu vizuri: hakuna mpangilio bora wa kunakili kutoka kwa mtu mtandaoni, hata mimi. Mpangilio ni wa mkono wako.

Kuna mtu ataniambia kibodi ni haraka zaidi. Ukweli, kwa mtu mwenye mikono miwili mizima, Ctrl na B inashinda ishara yoyote. Sibishani. Mimi mwenyewe plasta ilipotoka nilirudi kwa kibodi kwa vitu vingi. Mwingine ataniambia ninunue kipanya chenye vitufe 12 ubavuni. Changu ni cha Luthuli Avenue, shilingi 500, vitufe viwili na gurudumu, na kilifanya kazi yote niliyoeleza hapa. Tahadhari moja ya kweli: kazi yote ikihamia mkono mmoja, huo mkono unachoka. Ongeza kasi ya mshale ili mistari iwe mifupi, na upumzike.

Halafu fikirieni hili. Tarehe 9 Desemba 1968, Douglas Engelbart alionyesha kipanya hadharani kule San Francisco. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye kipanya, na wa kushoto ulikuwa kwenye kifaa kingine cha vitufe vitano, unabonyeza kama piano. Kipanya kiliishi, kile kifaa kingine kikasahaulika, lakini wazo la mikono miwili lilibaki. Leo Ctrl, Z, X, C na V zimepangana pale chini kushoto, na tunafunza watoto kana kwamba kila mtu alizaliwa nazo mkononi.

Kwa hivyo ninyi mnaofundisha kompyuta, mnaotengeneza vidio za mafunzo, mnaoendesha saiba: weka hii programu kwa mashine moja tu, ya pembeni, na umwambie mteja ipo. Ni bure, haimalizi bando, na kuisimika ni dakika chache. Na wewe ambaye mkono wako mmoja hauko sawa, leo jioni anza na ishara mbili, ile ya kutendua na ile unayoitumia zaidi. Zikikaa mkononi, ongeza ya tatu.